Sababu ya Kunyimwa

Katika maswali ya adili ambayo watu wa vitabu na watu wa soko wameyajadili tangu zamani, lile la riba limepata wasemaji wengi, na lile la mdaiwa asiyelipa limepata mahakimu wengi zaidi; lakini lipo la tatu ambalo halijapata wa kulisimamia, nalo ni hili: mtu akienda kuomba mkopo kwa njia ya halali, akiwa na akili yake timamu na dhamana yake mkononi, kisha akarudishwa mikono mitupu, je, yule aliyemnyima ana wajibu wowote kwake, au mlango ukishafungwa hesabu baina yao imekwisha? Mwepesi wa kujibu atasema imekwisha, maana mali ni ya mwenyewe, na mwenye mali hashurutishwi. Mimi nasema haijakwisha, na nitalitazama jambo hili kutoka nyanda za juu za Kigoma, huko Kibondo na Kasulu, ambako kunyimwa kuna historia ndefu kuliko benki.

Likitazamwa kwa karibu, jambo lenyewe huwa dogo na halina kelele. Mama wa makamo, anayenunua maharage vijijini na kuyauza kwa gunia sokoni Kibondo, huketi mbele ya meza ya afisa mikopo, na juu ya meza hiyo ameweka vitu vyake vyote vya kusadikisha: barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri, picha mbili za paspoti, na hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba lake, aliyoitoa katika mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nne. Kijana, ambaye hana ubaya wowote na amemwamkia shikamoo kwa heshima zote, hutazama kioo cha kompyuta kwa kitambo, kisha husema, “Mama, mfumo umekataa.” “Umekataa nini, mwanangu?” “Unasoma una deni la nyuma.” “Deni la nani?” “Hapa hauonyeshi, mama. Unasoma tu.” Basi mama hukusanya karatasi zake moja moja, hushukuru, na huondoka. Yamkini deni lenyewe ni shilingi elfu chache za mkopo wa simu, zilizochukuliwa kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake na kutumiwa na mwana wa dada yake. Yamkini alikwisha kulipa na malipo hayakuandikwa. Yamkini ni la mtu mwingine kabisa mwenye jina kama lake. Hatajua, na kule kutojua ndiko ninakokuita dhuluma, wala si kule kunyimwa.

Zamani, kabla ya karatasi, Buha, yaani nchi ya Waha katika nyanda hizi, ilikuwa na mkopo wake, nao uliitwa ubugabire. Mwenye ng’ombe, aghalabu mfugaji wa Kitutsi, alimkabidhi Muha ng’ombe amchunge. Mpokeaji akapata maziwa, na samadi ya kurutubishia shamba, na baadhi ya ndama kwa kadiri ya mapatano. Naye akarudisha kazi, na pombe, na utii. Sitaki msomaji adhani kwamba nausifu mfumo huo, kwani ulimfunga mtu kwa mtu kwa kamba ambayo mara nyingi ilikuwa ngumu kuikata, na aliyenyimwa ng’ombe alinyimwa pia mlinzi. Walakini palikuwapo jambo moja ndani yake ambalo tumelipoteza: aliyenyima alikuwa na uso. Muha aliyerudi bila ng’ombe alimjua aliyemkatalia, na kwa kawaida aliijua sababu, iwe ni uvivu wake aliotuhumiwa, au ugomvi wa baba zao, au choyo tupu. Na kama sababu ilikuwa ya uongo aliweza kwenda kwa mzee mwenye kusikilizwa akaipinga kwa ushahidi wa majirani.

Wakaja Waingereza, nao wakaleta kunyimwa kwa aina nyingine. Kwa sheria zilizowekwa Tanganyika katika miaka ya 1920 na 1930, mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kulidai deni lake mahakamani isipokuwa mkataba umeandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Wenyewe walisema wamekusudia kumlinda mwenyeji asinyonywe na wenye maduka. Na sikatai kwamba walikuwapo wenye maduka wa kunyonya. Lakini natija yake ilikuwa dhahiri: nani atamkopesha mtu ambaye sheria imekwisha kutangaza kwamba deni lake halidaiki? Mwafrika akanyimwa mkopo, si kwa tabia yake wala kwa mavuno yake wala kwa lolote alilowahi kutenda, bali kwa rangi yake, na akaambiwa kwamba huko ndiko kuhurumiwa. Katika nchi kama Buha, ambayo fedha yake ilitokana kwa sehemu kubwa na vijana waliokwenda manamba katika mashamba ya mkonge, hilo halikuwa jambo la hivi hivi.

Naileta habari hii ya kale kwa kuwa inatufundisha kutenganisha mambo mawili ambayo leo tunayachanganya. Kunyimwa kwa sababu mbaya ni jambo moja, na kunyimwa bila sababu kutajwa ni jambo jingine. Mkoloni alikuwa na sababu mbaya, lakini ilikuwa imechapwa katika gazeti la serikali, na kwa hiyo iliweza kushambuliwa. Mama wa Kibondo hana hata cha kushambulia.

Sasa tuwaulize wenye dini, maana nyanda hizi zina dini nyingi: Kasulu ni makao ya dayosisi ya Kianglikana ya Western Tanganyika, Wakatoliki wana parokia zao kila upande, na Waislamu wana misikiti katika miji yote miwili. Nimeyarudia maandiko ya pande zote mbili, ya Wakristo na ya Waislamu, nikitafuta amri inayomlazimisha mtu kukopesha, nami nimekuta mahimizo mengi na sifa nyingi kwa mkopeshaji mwema, lakini nimekuta pia kitu ambacho sikukitazamia, nacho ni uangalifu mkubwa juu ya nafasi ya mkopaji.

Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ile ya 282 ya sura ya Al-Baqara, haihusu sala wala saumu, inahusu deni na jinsi ya kuliandika. Humo imeamriwa kwamba deni la muda liandikwe, dogo au kubwa; kwamba mwandishi aandike kwa uadilifu; na kwamba mwenye kutamka maneno yatakayoandikwa awe ni yule mdaiwa. Tafadhali msomaji alitazame hilo kwa makini. Mwenye nguvu katika mapatano ni mwenye mali, na desturi ya dunia ni kwamba mwenye nguvu ndiye atamkaye. Lakini hapa kalamu hufuata ulimi wa yule dhaifu, na akiwa hawezi kutamka, kwa utoto au kwa udhaifu, mlezi wake hutamka badala yake kwa haki. Daftari la deni, kwa kadiri ya aya hiyo, ni maneno ya mdaiwa mwenyewe juu ya nafsi yake. Na asije mtu akadhani kwamba haya ni masharti ya wanyonge tu: imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume mwenyewe alipofariki, deraya yake ilikuwa rehani kwa Myahudi mmoja kwa ajili ya shayiri aliyoikopa.

Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, ina sharti ambalo ningependa lisomwe kila mwaka mbele ya wakopeshaji wote: anayetaka rehani ya mwenzake haruhusiwi kuingia katika nyumba yake kuitwaa, atasimama nje, na mkopaji ndiye atakayemtolea. Tena jiwe la kusagia halichukuliwi rehani kabisa, maana kulichukua ni kuchukua uhai. Kwa nini asimame nje? Si kwa kuwa mali si yake. Ni kwa kuwa nyumba ya maskini, hata akiwa anadaiwa, ina kizingiti, na nyuma ya kizingiti kuna mambo ambayo mkopeshaji hana ruhusa ya kuyaona bila mwenyewe kumtolea.

Kwa maandiko hayo mawili naijenga hoja yangu. Mkopeshaji wa leo haingii nyumbani kwa miguu. Huingia kwa taarifa. Anajua kiasi cha fedha kinachopita katika simu ya mama yule, anajua siku aliyochelewa kulipa, na wakati mwingine anajua hata namba za watu anaowapigia. Na daftari linaloyahifadhi haya halikutamkwa na ulimi wa mama, limetamkwa na wote waliowahi kumkopesha, akiwa hayupo. Kwa hiyo afisa anapomkatalia kwa kulitazama daftari hilo, tendo lake si la mwenye mali anayeamua juu ya mali yake tu. Ni la hakimu aliyepokea ushahidi juu ya mtu na kuupitishia hukumu. Na katika mahakama yoyote iliyowahi kuitwa ya haki, iwe ya kadhi au ya mwami au ya Jaji wa Serikali, mtu hahukumiwi kwa shahada ambayo hakuisikia, ya shahidi ambaye hakutajiwa. Mali ni ya mkopeshaji, na juu ya mali hiyo mwombaji hana haki hata ya senti moja. Lakini habari ni za mwombaji, na kinachotendwa kwa habari zake ni lazima aelezwe. Haki yake ni juu ya sababu, wala haipiti hapo.

Najua nitajibiwa. Kwanza watasema: mbona mjomba nikimwomba fedha akaninyima bila kueleza, hamumwiti dhalimu? Naam, kwa kuwa mjomba ananijua mwenyewe, hakupewa ushahidi na mtu, na akinyamaza huenda ananisitiri. Tena baada ya mjomba kuninyima, sitakuta kwa jirani yake kwamba nimekwisha kukataliwa kabla sijabisha hodi. Pili watasema kwamba kueleza sababu ni kuwafundisha walaghai namna ya kupenya. Hoja hii ina uzito kiasi, na mtu mwenye insafu hatailazimisha benki itoe siri zote za mizani yake. Lakini kumwambia mtu kwamba ameonekana na deni la shilingi kadhaa, la tarehe fulani, kwa mkopeshaji fulani, hakumfundishi ulaghai wowote: kunampa tu la kwenda kulilipa au kulikanusha. Tatu, na hii ndiyo inayonitaabisha kidogo, watasema kwamba sababu nyingine zinaumiza, na kwamba “mfumo umekataa” ni neno la huruma. Ikiwa ni huruma, basi ni ile ile ya sheria za mkoloni. Mtu mzima huvumilia kuambiwa kweli, hasa akiambiwa faraghani na kwa adabu, si kwa sauti inayofika kwenye foleni.

Na huyu “mfumo” ni nani? Wanateolojia wa dini zote mbili wanakubaliana kwamba hisabu ni ya mtu, na kwamba hakuna atakayesimama Siku ya Kiyama akasema kwamba hukumu aliyoitoa ilikuwa ya mashine. Mfumo hauna roho ya kuulizwa. Aliyeupanga anayo, na aliyeuamini bila kuuliza anayo vilevile.

Sheria ya Tanzania, kwa haki ya kusema, haikulala. Tangu mwaka 2012 zipo kanuni za Benki Kuu zinazosimamia kanzidata ya taarifa za mikopo na taasisi zinazozikusanya na kuziuza kwa wakopeshaji, na kwa kanuni hizo mtu anaweza kuomba kuona yaliyoandikwa juu yake na kuyapinga yakiwa na makosa. Mwaka 2018 ikapita Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, iliyowapanga wakopeshaji wadogo katika madaraja manne, kuanzia wanaopokea amana hadi vikundi vya kijamii. Mwaka 2019 zikafuata kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, na mteja asiyeridhika na jibu la mkopeshaji wake anaweza kulipeleka lalamiko lake Benki Kuu. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyo karibu zaidi na roho ya yale niliyoyasema, kwani imempa mtu nafasi ya kutaka kwamba uamuzi wenye athari kubwa kwake usifanywe na mtambo peke yake. Wamarekani walifika mapema zaidi: sheria yao ya mwaka 1974, iliyotungwa kwanza kwa ajili ya wanawake walionyimwa mikopo mpaka waume zao watie saini, ndiyo ambayo chini yake anayekataliwa hudai apewe sababu mahususi.

Walakini haki iliyo katika gazeti la serikali na haki iliyo mkononi mwa mtu ni mbali kama Dar es Salaam na Kibondo. Mama yule hajui kwamba linalosoma kwenye kioo linaweza kuombwa kwa maandishi. Lau afisa angemwandikia mistari miwili katika karatasi, ikataja deni, mwenye kulidai na ofisi ya kulalamikia, sheria zote nne zingemfaa; bila karatasi hiyo hazimfai hata moja.

Asiyepewa sababu huenda wapi? Baadhi huenda kwenye kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, na huko, ajabu iliyoje, sababu zipo tele. Sanduku la kufuli tatu, ambalo funguo zake hukaa kwa wanachama watatu tofauti, hufunguliwa mbele ya wote. Hisa zinahesabiwa, mihuri inapigwa katika vitabu, na aombaye mkopo huulizwa pale pale, mbele ya mawifi na mashemeji, kwa nini mara ya mwisho alichelewesha rejesho. Ni ukali ambao wengine hawauwezi. Lakini hakuna atokaye katika kikao hicho akishangaa kilichomnyimisha, na juma lijalo anaweza kurudi na jibu. Kikoba kinamvua mtu faragha na kumpa hoja; benki inamlindia faragha na kumnyang’anya hoja. Sioni kwa nini vyote viwili visipatikane.

Wengine huenda kwa wale ambao watu wenyewe wamewapa jina la kausha damu. Hawa hawamnyimi mtu, na ndiyo hatari yao. Kanuni zilizotoka baada ya sheria ya 2018 ziliweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, nao hukipita kana kwamba hakikuandikwa. Na siku ya kulipa ikipita huingia nyumbani, wakabeba kitanda, na sufuria, na televisheni, ilhali Torati iliwaambia wasimame nje. Ndugu zao wa kwenye simu hawabebi sufuria. Hubeba heshima, kwa kuwatumia jamaa na marafiki wa mdaiwa ujumbe wa kumwaibisha. Benki Kuu ilipotangaza mnamo Novemba 2024 majina ya programu 69 za kukopesha zisizo na leseni, wengi walishangaa wingi wake. Wachache waliuliza ni mangapi kati ya masikitiko yale yalianzia kwenye meza ambapo mtu aliambiwa tu kwamba mfumo umekataa.

Juu ya mikopo ya halmashauri nitasema kidogo tu. Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani, ambayo hugawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu, bila riba, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Hiyo ni mali ya umma, na anayeigawa ni wakili. Kundi lililokataliwa huko Kasulu halidai sababu kwa hisani. Linadai kama mwenye mali anavyomdai msimamizi wake.

Linabaki fundo moja ambalo hoja yangu hailifungui, wala sitaki kulificha. Nimesema kwamba mtu apewe sababu ili aweze kuirekebisha au kuikanusha. Na zile sababu zisizorekebishika? Katika wilaya hizi za mpakani, wenyeji wengi wamesumbuka kupata kitambulisho cha taifa kwa kuwa lugha yao na majina yao vinafanana na vya ng’ambo ya Burundi, na huhojiwa na Uhamiaji mara kwa mara, malalamiko ambayo yamefika hadi Bungeni. Na bila namba ya NIDA hakuna laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, na bila laini hakuna hata ule mkopo mdogo wa simu. Mtu huyo akiandikiwa sababu yake kwa usahihi, karatasi itamtoa benki na kumpeleka ofisi nyingine, na hilo angalau ni jambo: atajua kwamba aliyemfungia si mwenye fedha.

Lakini katika Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo na ambayo tangu mwaka 2015 imepokea Warundi pia, wamo mafundi cherehani na waoka mikate wanaoaminika kwa majirani zao kuliko wengi wetu tunavyoaminika kwa wetu. Lakini hata fedha mikononi mwa wateja wao haikudumu: ugawaji wa fedha taslimu kwa wakimbizi ulianzishwa Nyarugusu mwishoni mwa mwaka 2016, ukasimamishwa mwaka uliofuata. Mkimbizi hawezi kutoka kambini bila kibali, na kwa hiyo hawezi kumwonyesha mkopeshaji soko atakalouzia. Akiandikiwa sababu kwa maandishi mazuri na kwa adabu zote, karatasi itasema kwamba yeye ni mkimbizi. Sababu hiyo ni ya kweli, imeandikwa sawasawa, na hakuna ofisi ya kuikanusha. Kwake mkopeshaji amekwisha kutimiza kila nililomtaka atimize, na mtu bado amenyimwa kwa jambo ambalo hakulitenda, kama walivyonyimwa babu zetu. Hapo swali halimhusu tena mwenye benki, linamhusu mwenye kutunga sheria, na maandiko yale yale niliyoyataja yana sura nyingi, tena kali, juu ya mgeni akaaye malangoni mwetu.